Ukungu wa Mgeta na Picha za Shamba

Kariakoo hakuna ukungu. Vumbi lipo, moshi wa magari upo, mvuke wa supu na chapati za alfajiri upo tele, lakini ule ukungu wenyewe, mweupe, mzito, unaokulowesha hadi kope, huo sie watoto wa mjini tunausoma vitabuni. Mtaa wa Mkunguni tunao, ni kweli, ila jina lisikudanganye: mkungu ni mti. Hata hivyo nimeamua kuandika habari za ukungu hapahapa Kariakoo, kwa sababu kabichi na karoti zinazoshushwa usiku wa manane, zikiwa bado na umande, nyingi zimetoka huko kwenye ukungu. Na si mboga tu. Maji tunayokinga bombani yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unapata maji yake Milima ya Uluguru, ambako misitu ya juu huunasa ukungu na kuugeuza matone. Tunaula, tunaunywa, ila hatujauona.

Mie ni mtu wa kidato cha nne. Usiku naandika riwaya (haijaisha, usiniulize) na mchana napiga picha za pasipoti katika kibanda cha mtu karibu na Mtaa wa Msimbazi. Pazia la bluu, kiti kimoja, "inua kidevu, usicheke." Kazi hiyo ndo iliyonitia katika maswali. Wateja wakipungua nakaa natazama picha za zamani za nchi yetu, za mashamba, milima na vijiji, na kila nikizitazama najiuliza: aliyepiga alisimama wapi? Na ilikuwa saa ngapi? Hilo la saa watu hulipuuza, kumbe lina mambo mazito ndani yake.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1860 Mskoti mmoja, James Augustus Grant, alifika Unguja pamoja na Speke wakiwa njiani kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuwa na kamera, na picha alizopiga Unguja ni miongoni mwa za mwanzo kabisa katika pwani yetu. Wakati huo hapakuwa na filamu. Ulipaka dawa kwenye kioo, ukakitia katika kamera kikiwa bado kibichi, ukapiga, halafu ukakimbia nacho kwenye hema la giza ukakisafishe kabla hakijakauka. Sasa fikiria hema la giza katika joto letu! Mtu anaiva kama kiazi. Safari ya bara ikiwa bado changa vyombo vya picha vikarudishwa pwani, Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Kwa hiyo bara lilichorwa kwa mkono kwanza, kamera ilikuja baadaye.

Vioo vikavu vilipoenea miaka ya 1880, shida ya hema ikaisha, lakini ya ukungu ikabaki. Dawa ya vioo vile iliona zaidi rangi ya bluu kuliko rangi nyingine. Ule utando mwepesi wa asubuhi, unaofanya milima ya mbali ionekane ya bluu, kwenye kioo ulitoka mweupe pepepe. Mlima unafutika, unabaki na karatasi tupu. Ndiyo maana mpiga picha aliyetaka kuonyesha nchi alisubiri jua lipande, ukungu ukatike, kila bonde lijianike. Saa nne, saa tano za asubuhi. Saa ambazo mkulima wa milimani alishafanya kazi ya siku nusu.

Utasema basi ni ufundi tu, hapana neno jingine. Ngoja kwanza. Miaka ileile, Uingereza, upande wa Norfolk wenye vinamasi, alikuwapo bwana mmoja jina lake Peter Henry Emerson, mzaliwa wa Cuba. Mwaka 1886 yeye na mchoraji mwenzake, Goodall, walitoa albamu ya maisha ya watu wa vinamasi hivyo, wakata matete na wavuvi. Mwaka 1895 Emerson akatoa kitabu kingine, *Marsh Leaves*, na humo ukungu ndio mwenye nyumba: mti mmoja, ukingo wa maji, basi. Vioo ni vilevile. Kwa Wazungu asubuhi ya ukungu, majani yakipukutika, ni jambo la kuimbiwa. (Majira hayo kamusi zetu huyaita vuli, nami nacheka kila nikilisoma, maana vuli yetu ni mvua inayojaza mitaro ya Jangwani.) Ukungu, basi, ulipigika. Alihitajika mtu anayeutaka.

Na sasa tazama mwaka huo wa 1895 huku kwetu. Tarehe 26 Novemba ilitoka amri ya Kaisari wa Ujerumani kuhusu ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani: ardhi ambayo hakuna mtu, jumbe wala jumuiya iliyothibitisha kuwa ni yake, hiyo haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa mkulima wa Uluguru athibitishe kwa nini? Kwa hati gani? Mpaka wake ni jiwe, kijito na maneno ya mama yake. Sisemi kuwa amri ile iliandikwa kwa picha. Nasema kwamba picha ya bonde tupu lenye jua, isiyo na mtu, au yenye mtu mmoja amesimamishwa pembeni kama rula ya kupimia ukubwa wa mti, inafanana sana na amri ile. Ukiitazama ukiwa Berlin, utauliza mwenyewe yuko wapi?

Mpiga picha Mjerumani ninayemjua zaidi wa zama zile ni Walther Dobbertin, aliyezaliwa 1882 na kufariki 1961. Kazi zake zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani, na tangu Desemba 2008 nyaraka hizo zilipotoa picha zake bure kwenye intaneti, hata mie wa Kariakoo mwenye kifurushi cha shilingi elfu moja naweza kuzitazama hadi usiku wa manane. Nimezitazama. Askari, reli, mkonge, mito, milima. Dobbertin alikuwa fundi, wala simwonei. Mwanga wake safi, mistari imenyooka. Lakini zile nilizozipitia mimi nyingi ni za jua, na maelezo yake yanataja mahali na kitu, mara chache mno yanataja jina la mtu mweusi. Mkonge ulioletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf unajulikana uliletwa na nani. Aliyeupalilia hajulikani.

Kisha vita. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Dar es Salaam ikaanguka tarehe 4 Septemba. Wajerumani wakarudi kusini wakiizunguka Uluguru, Waingereza nyuma yao, na nyuma ya wote hao wapagazi, wenye mizigo vichwani, matopeni, katika mvua na ukungu. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Kila nikimwona kuli anakata Mtaa wa Kongo na lumbesa ya viazi mgongoni, jasho linamtiririka, nakumbuka kwamba mtaa wetu umepewa jina la kazi yake. Utani wa historia huo, tena mchungu.

Mwingereza naye alikuwa na jambo lake milimani. Mwaka 1950 ulianza mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, tusidanganyane, miteremko ile ni mikali mno. Dawa waliyoiona maofisa ni matuta ya ngazi, na kila mtu achimbe, atake asitake. Ngazi zile zilikula siku za watu, na mara nyingi udongo mzuri wa juu ulifukiwa chini, mwekundu ukabaki juu, mahindi yakadumaa. Upande wa mashariki watu walichoka. Mwezi Julai 1955, Matombo, umati ulikabiliana na serikali, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Mwaka 1960 Young na Fosbrooke walitoa kitabu juu ya mgogoro huo, na toleo lake la Marekani likapewa jina lenye maana ya "Moshi Milimani." Jina limenikaa kichwani. Kwa mbali moshi na ukungu huwezi kuvitofautisha, mpaka usogee.

Upande wa magharibi, Mgeta, mambo yalikwenda vingine. Huko ngazi ziliota mizizi, kwa sababu walilima mboga, na mboga zililipa. Mji ulikuwa unakua, unataka kabichi. Kwa hiyo ukiona leo mteremko wa Mgeta umekatwa ngazi ngazi kama kiti cha uwanja wa mpira, ujue hapo pana tumbo la Dar es Salaam pia.

Nalijua hilo kwa kitabu, na nalijua kwa bibi yangu, mzaa mama. Bibi ni mtu wa Mgeta. Alikuja mjini miaka ya sitini, na soko jipya la Kariakoo lilipofunguliwa 1975, lile la msanifu majengo Beda Amuli lenye paa la miavuli, bibi akapata meza Shimoni. Akauza karoti na njegere za kwao mpaka magoti yalipomkataa, miaka mingi kabla soko halijaungua Julai 10, 2021.

Bibi ana picha moja tu ya ujana wake. Alipigwa studio, Kariakoo, khanga mpya, viatu vya kuazima, mkono umeegemea kistuli chenye ua la plastiki. Nyuma yake pazia la kuchorwa: ziwa la buluu, ndege mweupe mwenye shingo ndefu, na mlima wenye theluji. Nimewahi kumuuliza, "Bibi, hapa wapi?" Akasema, "Ulaya hapo, mume wangu, huoni?" akacheka mpaka akakohoa. Mwanamke aliyezaliwa mahali penye milima ya zaidi ya meta 2,600, aliyeamka kila siku ndani ya ukungu, alilipa fedha zake akae mbele ya mlima wa rangi. Sidhani kwamba alidharau kwao. Mlima wa kwao ulikuwa kazi, kuni na tenga kichwani. Studio ilikuwa mahali pa kupumzika na kazi, na mwenye picha alikuwa yeye, katikati, amekaa, anakutazama machoni. Tazama zile za mashamba zilizopigwa na wageni, halafu tazama hizi za studio zetu: kule nchi bila watu, huku watu bila nchi. Katikati hapo pana pengo.

Picha hiyo sasa imeingia ukungu. Kiswahili chetu kina ujanja: ukungu wa mlimani na ukungu wa uchafu unaoota kwenye mkate, kwenye lenzi na kwenye picha katika unyevu wa Dar es Salaam, neno moja. Umeshakula ziwa na shingo ya ndege. Na macho ya bibi nayo yana mtoto wa jicho, mwenyewe anasema, "Ukungu umenifuata hadi mjini."

Aliyewahi kulijaza pengo hilo, kwa asubuhi moja, ni kijana aliyekulia hapahapa Dar es Salaam. Namsema Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi 1943, akasoma shule huku kwetu, akashika kamera angali mtoto, na mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapa mjini. Alipiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Mwaka 1966 huko Zanzibar wakamtia jela karibu mwezi mzima, akatoka, akahamia Kenya. Oktoba 1984, nyanda za juu za Ethiopia, mahali paitwapo Korem, alfajiri, baridi kali, yeye na mwandishi wa BBC Michael Buerk walifika penye watu waliokimbia njaa. Mwanga hafifu, utando umeinamia ardhi, na ndani ya utando huo watu kwa maelfu, wamejifunika nguo nyeupe. Mpiga picha wa zamani angesubiri jua. Amin hakusubiri. Akaingia. Filamu ilionyeshwa BBC tarehe 23 Oktoba 1984, dunia ikatetemeka, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono, akaendelea kupiga kwa mkono wa bandia. Alifariki Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Namheshimu mno. Lakini sitaficha kinachonikera: wale watu wa Korem nao dunia haikuwajua majina. Na tangu siku ile kuna watu ng'ambo wakisikia shamba la Afrika, asubuhi, ukungu, wanaona njaa tu. Mtu akipalilia kabichi zake hawamwoni. Kosa hilo si la Amin, yeye alikwenda penye msiba akaonyesha msiba. Ila asubuhi nyingine zote zilizobaki nani azipige?

Mie nilizipiga mbili. Mjomba alinituma Mgeta Julai, katika kipupwe, kwa jambo la ukoo. Kiluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba la mama yake bibi limelimwa miaka na miaka na watoto wa marehemu kaka yake bibi, ambao kimila ni wa ukoo wa mama yao, si wetu. Sasa kijiji kinapima, watu wanachukua hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mjomba anataka picha ya mpaka, jiwe na kijito, aipeleke kwenye baraza la ardhi la kijiji. "Piga shamba," aliniambia kwenye simu, "watu usiweke."

Niliazima kamera ya rafiki anayepiga harusi. Saa kumi na mbili asubuhi, juu ya Nyandira, sikuona hata viatu vyangu. Kamera ilikuwa inahangaika, lenzi inakwenda mbele na nyuma, haina cha kushika. Ukiiachia ipime mwanga yenyewe, ukungu inaugeuza kijivu cha majivu, lazima uizidishie mwanga kwa makusudi ndipo weupe urudi. Na lenzi unaifuta kila dakika. Hayo ni ya ufundi. Kubwa zaidi ni hili: katika ukungu huwezi kupiga mtu wa mbali. Mtu anatokea hatua nane mbele yako, ghafla, tenga kichwani, na mko wawili tu duniani. Utampigaje bila kusalimu? Kwenye jua, ukiwa na lenzi ndefu, unaweza kumpiga mtu wa ng'ambo ya bonde na asijue mpaka anakufa. Pale niliamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akaniuliza mie mtoto wa nani, tukaenda hadi kwa bibi na mama yake bibi, na hapo ndipo kamera ikapanda. Majina yao siyaandiki hapa, hawakunipa kwa ajili ya gazeti. Nimeyaandika kwa penseli nyuma ya picha: jina, ukoo wa mama, mahali, tarehe.

Saa nne ukungu ukakatika kama pazia. Shamba lote likaonekana, ngazi moja juu ya nyingine, jiwe, kijito, kabichi zimejipanga. Nilikuwa nimesimama juu, jua nyuma yangu, kila kitu wazi. Palepale Dobbertin angesimama. Na chini, ngazi ya tatu, mke wa binamu alikuwa amejiinamia anapalilia. Niliteremka nikamsalimia, nikamweleza nimetumwa nini na nani. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Wewe piga, mie nina kazi," akaendelea kupalilia. Sikumwomba atoke.

Mjomba hakuipenda picha ile. Amesema itamharibia, maana inaonyesha nani analima. Nilipomchapishia bibi zote mbili, alizisogeza karibu na pua, moja moja. Ile ya ukungu akaipapasa kwa kidole, akasema baridi yake anaijua. Ya jua akaniuliza:

"Nani huyo ameinama?"

Nikamtajia. Akakaa kimya, nikadhani amesinzia.

"Amepalilia vizuri?"

"Amepalilia vizuri sana, bibi."

"Na jiwe lipo?"

"Lipo."

Akaziweka zote chini ya mto wake, pamoja na ile ya ziwa. Baraza litakaa mwezi ujao, na mjomba amekuja mara mbili kuiomba ya jua. Bibi anamwambia aisubiri.